Siku Lori Lilipotakiwa Kusalimia

Mume wangu alikuwa na magoti mepesi. Simsengenyi marehemu, maana hata alipokuwa hai nilimwambia usoni, naye alicheka tu na kuendelea kula. Alikwenda vitani na jeshi la Waingereza, akafika nchi za mbali ambako watu hula wali asubuhi, akarudi na ufundi wa magari kichwani na Kiswahili kilichonyooka mdomoni. Magoti yake lakini yalirudi vilevile yalivyoondoka kwetu Nyaishozi.

Tuliishi kwenye kibanja kisicho chetu. Kwa wasiojua: siku hizo Karagwe, kama kwa jirani zetu Wahaya, ardhi nyingi nzuri ilikuwa ya nyarubanja. Mwenye ardhi tulimwita mtwazi, na wewe uliyekaa juu yake ulikuwa mtwarwa, yaani mtu wa kutawaliwa. Ulipanda migomba na mibuni, ukazaa na kuzika humo, na kila msimu ukampelekea mtwazi sehemu ya ndizi, ya pombe na ya nguvu zako. Siku akikuchoka, uliondoka. Migomba ilibaki, mibuni ilibaki, na makaburi yalibaki pia.

Baba mkwe wangu alizikwa nyuma ya nyumba yetu, katikati ya migomba. Mama mkwe alikuwa haoni tangu kabla sijaolewa, lakini kila asubuhi alikwenda hadi pale kwa kupapasa, akafagia majani. Alikuwa na ombi moja tu duniani, kwamba azikwe hapo kando ya mzee wake. Hata nguo mpya sikuwahi kumsikia akiomba. Angekuomba chumvi ungeshangaa.

Mtwazi wetu alikuwa mtu wa shingo nene, mkaaji wa benchi la mbele kanisani, na ukali wake ulikuwa wa polepole. Hakupiga kelele. Hakuwa na haja, kwa sababu alipopita yeye kila kitu kilinyamaza. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya ardhi yake. Mwenye jembe aliliweka chini, aliyekuwa akitwanga aliacha mchi ndani ya kinu, waliokuwa wakinywa pombe walitoa mirija midomoni. Kisha mlipiga magoti, mkapiga makofi taratibu na kusema, “Shikamoo, waitu,” na hiyo waitu ni kama kusema bwana wetu. Mlibaki chini mpaka agonge fimbo yake ardhini. Siku moja alimsahau mzee mmoja magotini shambani, au alijifanya amemsahau, na yule mzee alikaa palepale juani hadi binti wa mtwazi alipopita jioni akamwambia ainuke. Watu walilicheka jambo hilo kilabuni kwa muda mrefu. Mimi sikuona cha kuchekesha, na bado sioni.

Sasa huyu mtwazi alinunua lori. Lilikuwa lori kuukuu la jeshi lililobaki baada ya vita, lenye pua ndefu na bodi ya mbao, na lilipopanda kilima mara ya kwanza watu walikuja hata kutoka Bugene kulitazama. Dereva akawa mume wangu, fundi akawa mume wangu, mwoshaji pia mume wangu. Malipo yake yalikuwa kuachwa akae alipozaliwa.

Msimu huo ninaousema, lori lilianza kukohoa. Likipanda kilima kidogo tu linaishiwa pumzi, linatema moshi, linarudi nyuma. Mume wangu alifungua mashine, akachunguza, kisha usiku akiwa anakula akanieleza kwa vidole vyake, maana nilikuwa mtu wa kuuliza. Ndani ya mashine kuna mhimili mrefu wenye nundu, unaitwa kamshafti. Unazunguka, na kila nundu inasukuma kipande cha chuma bapa, na hicho nacho kinafungua mlango wa kupitisha hewa na moshi. Nundu zikilika, milango haifunguki vizuri, mashine inakosa hewa. Za lori letu zilikuwa zimelika kama meno ya ng'ombe mzee.

Kamshafti mpya, pamoja na vile vipande bapa vyake, iliagizwa kwa Mhindi wa Bukoba. Ilipofika, ikiwa imefungwa kwenye karatasi ya mafuta, mtwazi aliteremka mwenyewe mpaka nyumbani kwetu. Tulipiga magoti, hata mama mkwe, ambaye kushuka kwake chini kulikuwa kazi ya kushikwa mikono miwili.

“Ulitaka chuma, chuma kimekuja,” alimwambia mume wangu. “Sasa nisikilize. Kahawa yangu isipofika Bukoba kabla ya mvua, kibanja hiki utanipisha.”

“Ndiyo, waitu.”

“Na huyu mama utambeba.”

Alisema hivyo akimwangalia mama mkwe, ambaye hakuweza kuona kwamba anaangaliwa. Kisha akagonga fimbo na kuondoka. Mama mkwe alibaki chini akauliza, “Amesema nini kuhusu mimi?” Mume wangu akamjibu kwamba amemsalimia.

Kuifunga kamshafti ile hakukuwa shida kwake. Shida, alinieleza, ni mwanzo wake. Chuma kipya na chuma kipya havijazoeana. Nundu na kile kipande bapa vinasuguana kwa nguvu, na siku ya kwanza mashine ikiwashwa lazima ingurume kwa kasi, bila kushushwa hata kidogo, kwa muda kama wa sufuria ya ndizi kuiva. Ikiwa kasi iko juu, oili inarushwa kutoka chini na kuzifikia zile nundu. Ukiiacha ingurume chini chini, oili haifiki, na chuma kinatafuna chuma. Baada ya hapo hakuna dawa. Unatupa kamshafti, unaagiza nyingine. Sajini wake jeshini aliwahi kumpiga mtu teke kwa kosa hilo, alisema, na hakumlaumu.

Kwa hiyo alijiandaa kama mtu anayeenda kuoa. Alizipaka nundu zote grisi nzito kwa kidole, moja moja. Akajaza oili mpya. Akapima moto wa plagi mara nyingi mpaka nikachoka kumtazama, ili mashine iwake mara moja bila kuzungushwa sana na hendeli. Mimi na wanawake wengine wawili wa pale kilimani tulipewa kazi ya maji, tuyachote chemchemi na kuyapandisha, kwa sababu lori likinguruma kwa kasi likiwa limesimama, rejeta inachemka. Lori lenyewe lilikuwa uwanjani mbele ya nyumba ya mtwazi. Hapo ndipo lilipolazwa kila siku, ili kila mpita njia alione.

Asubuhi ile iliwaka kwa mzunguko wa kwanza wa hendeli. Mume wangu alirukia ndani, akavuta kile kivuto cha mafuta cha mkononi, na mashine ikapanda na kukaa juu, sauti moja, nene, isiyoyumba. Kuku walikimbia. Mimi niliinjika sufuria ya ndizi mafigani pembeni ya uwanja, maana hiyo ndiyo ilikuwa saa yetu, na yeye akasimama kando ya mashine akiwa ameinamisha sikio, anatabasamu. Uso wake siku ile ulikuwa mzuri. Nasema ukweli, nilimpenda sana asubuhi ile, na ndiyo maana hasira yangu baadaye ilikuwa kubwa.

Ndizi zilikuwa hata hazijaanza kuchemka wageni walipotokea.

Walikuwa wakwe watarajiwa wa mtwazi, watu wa Muleba, waliokuja kuangalia nyumba atakayoolewa binti yao. Mkubwa wao alikuwa mfanyabiashara wa kanzu nyeupe na koti, mwenye lori lake mwenyewe huko kwao. Mtwazi alitoka ndani na fimbo yake, akawaongoza hadi katikati ya uwanja ili waone mali. Sisi wanawake tulitua mitungi na kwenda chini. Mume wangu naye alipiga goti palepale kando ya tairi, akapiga makofi, midomo yake ikasema salamu. Hakuna aliyesikia kitu. Lori lilikuwa likinguruma.

Nilimwona mtwazi akingoja. Alikuwa amesimama mbele ya watu wa maana, juu ya ardhi yake, na kwa mara ya kwanza kitu fulani hakikunyamaza. Alisogea akamgusa mume wangu begani kwa ncha ya fimbo.

“Sikusikii!”

“Waitu, nisamehe!” mume wangu alipaza sauti akiwa bado chini. “Mashine ni mpya, haijazoea! Ikishushwa sasa itakufa! Nipe muda wa ndizi kuiva tu!”

“Tangu lini nikasubiri chuma?”

“Basi niizime kabisa, waitu! Nikiizima haitaumia sana, nitaiwasha wageni wakishapita!”

Hapo mtwazi aliwageukia wageni, akacheka, akamgeukia tena mume wangu. Alizungumza Kiswahili ili watu wa Muleba waone kwamba anakijua. “Usizime. Ukizima watasema lori langu haliwaki. Lishushe tu, lingurume kwa adabu, sisi tusikie salamu.”

Mume wangu alinitazama. Mimi nilitikisa kichwa, nikatikisa kwa nguvu kiasi kwamba kitambaa kilinivuka. Niliona kabisa kwamba ameelewa. Kisha aliinuka, akaingiza mkono ndani, akasukuma kile kivuto. Ile sauti nene ikaanguka, lori likabaki linanong'ona. Akarudi chini kando ya tairi, akapiga makofi yake taratibu na kusema vizuri, kwa sauti iliyosikika uwanja mzima, “Shikamoo, waitu. Shikamooni, wageni wetu.”

“Marahaba,” mtwazi akajibu. Wageni wakajibu.

Nilingoja fimbo igonge ardhi. Haikugonga. Mtwazi aliiegemea fimbo yake na kuanza kuwahadithia wageni habari za lori, lilivyokuja, vilima linavyopanda, mizigo linayobeba. Akaeleza habari za mibuni yake. Akauliza afya za watu wa Muleba, mmoja mmoja, na kila mmoja alikuwa na homa au mjukuu wa kusimulia. Mume wangu alikuwa magotini, mikono imekutana kifuani, macho chini. Mimi nilikuwa magotini. Na lori lilikuwa linanguruma kwa adabu.

Kisha kikaanza kile kimlio. Mwanzoni nilidhani ni kuku anadonoa bati. Tik, tik, tik, juu ya mashine, kidogo, halafu si kidogo. Nilimtazama mume wangu, nikaona bega lake moja linaruka kila mlio ulipopiga. Alikuwa anaisikia nundu moja baada ya nyingine ikilika, hatua mbili kutoka mkono wake, na hakuinuka. Jasho lilimtoka usoni, likadondoka kwenye vumbi. Kama kuna kitu nimewahi kukichukia duniani kuliko ile fimbo, ni mgongo wa mume wangu ulivyoinama dakika zile. Nilitamani achukue spana. Nilitamani asimame tu, hata bila kusema neno.

Yule mfanyabiashara wa Muleba alisikia. Ana lori, asisikie vipi? Aligeuza kichwa kuelekea kwenye mashine, akasikiliza, akamtazama mume wangu pale chini, akatabasamu kidogo.

“Lori lako linaimba, bwana,” alimwambia mtwazi.

“Linaimba!” mtwazi akakubali, akafurahi. Ndipo alipogonga fimbo na kuwakaribisha ndani kunywa.

Mume wangu aliruka akapandisha kasi, lakini ule mlio ulipanda nayo. Aliiacha ingurume muda kidogo, kama mtu anayemtikisa aliyekwisha kata roho, halafu akazima. Mchana alimwaga oili kwenye beseni langu la kufulia. Ilikuwa inameta. Aliisugua kati ya vidole, akanionyesha chembe za chuma, laini kama unga wa muhogo. Mimi nilisema mengi. Nilimwambia kwamba Wajapani wa huko vitani walikosea kumwacha hai, na maneno mengine ambayo wanawake wawili wa maji waliyasikia na kuyapeleka kijijini.

Alikwenda kumwambia mtwazi, magotini bila shaka, kwamba nundu zimeliwa na kamshafti nyingine inahitajika. Mtwazi akamwambia apakie kahawa.

Akapakia. Lori liliondoka na magunia yote likitapika moshi, likafika mlima wa kuelekea Kyaka, na huko likakata pumzi kabisa. Mvua ilianza kesho yake. Mume wangu alikaa na magunia yale barabarani, analala juu yake, anayafunika kwa turubai lenye matundu, mpaka kahawa ikaanza kunuka ukungu. Aliyekuja kuichukua ile iliyosalimika alikuwa mkwe wa Muleba, na lori lake zima, lenye afya. Aliposhuka alimwambia mume wangu, “Ulipiga goti vizuri sana, fundi.” Wapakiaji wake walicheka, na mume wangu alipaswa kuwasaidia kubeba.

Tuliondolewa kabla mvua hazijaisha. Mtwazi hakuja, alimtuma mtu aseme kwamba fundi ameua lori. Baraza lilisikiliza, na kila aliyekuwepo uwanjani siku ile alisema hakuona, hakusikia. Hata wale wanawake wawili wa maji, niliochota nao chemchemi moja miaka yote. Siwalaumu sana. Nao walikuwa na vibanja.

Mama mkwe alipoelezwa, alikwenda kwa kupapasa mpaka nyuma ya nyumba, akalala juu ya kaburi, akashika udongo kwa mikono miwili. Mume wangu alimbandua vidole kimoja kimoja. Alimbeba mgongoni barabara yote ya kwenda Nyakatuntu, kwa kaka yangu, na njia nzima yule mama alimpiga mwanawe kichwani kwa ngumi zake ndogo na kumwambia, “Nirudishe, we mbwa, nirudishe.” Hakuwahi kumtukana tangu amzae. Mimi nilitembea nyuma yao na watoto na vyungu, na sikumkataza.

Alikufa kabla ya maharage kuvunwa. Tulimzika kwa kaka yangu, pembeni kabisa ya shamba, mahali pa watu waliokufa ugenini. Mume wangu alichimba peke yake. Alipomaliza alikaa ukingoni, akaniuliza kama nadhani mzee atamfahamu mkewe akiwa mbali hivyo. Nilimwambia aniulize kitu kingine.

Udongo wa kaburi ulikuwa bado haujakauka mjumbe wa mtwazi alipofika. Kamshafti nyingine imekuja kutoka Bukoba, alisema, na hakuna fundi wa kuifunga. Nilidhani mume wangu atamfukuza. Alinawa mikono, akachukua spana zake, akaenda.

Alirudi baada ya siku kadhaa, uso umekunjuka, na mkungu wa ndizi begani aliopewa kule. Nikamuuliza imekuwaje.

“Imekaa vizuri kabisa,” akasema. “Safari hii mtwazi alijifungia ndani na watu wake wote. Aliagiza mtu yeyote asipite uwanjani, asinisalimie, mpaka mashine izoee. Hata kanisani hakwenda siku hiyo. Ameelewa, mke wangu. Ameelewa yote.”

“Na kibanja?”

Aliweka mkungu chini, akaanza kutafuta kisu cha kuukatia.

“Kina mtu,” alisema. “Nimemwona anafagia nyuma ya nyumba.”